Ligi ya Chuo Imevunjika: Je, Ufadhili wa Mwanangu Uko Salama?

"Mwalimu, mimi ni mama wa Eldoret. Mwanangu ana miaka 19, alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na anakimbia mita 5,000 na mbio za nyika. Kocha wa Washington State kule Marekani amempa ofa ya ufadhili, ingawa haulipi gharama zote. Tulifurahi sana, lakini mjomba wake anayeishi Dallas anasema ligi ya chuo hicho, Pac-12, ilikufa, na vyuo 10 kati ya 12 vilikimbia. Anatuonya kwamba mtoto atafika huko akute timu imefungwa na ufadhili umekatwa, heri asubiri mwaka mmoja au miwili apate chuo cha ligi kubwa ya Big Ten. Silali. Chuo chenyewe kinaweza kufungwa? Na ligi ya miaka mia moja inakufaje?"

Mama, nianze na hilo linalokunyima usingizi. Chuo hakifungwi. Washington State ni chuo kikuu cha umma kilichoanzishwa 1890, na kinaendeshwa kwa fedha za jimbo, karo na utafiti. Ligi ya michezo ni mapatano baina ya vyuo kuhusu nani atacheza na nani na haki za kutangaza mechi zao zitauzwaje. Mapatano hayo yakivunjika, shahada haipungui thamani wala viza ya mwanafunzi haiguswi.

Mjomba hakukudanganya, hata hivyo. Vyuo 10 viliondoka kweli, na waliobaki waliachiwa pengo kubwa. Alipoteleza ni pale alipodhani kwamba kilichoiua ligi ya futiboli ya Kimarekani humwangusha mkimbiaji wa mita 5,000 kwa njia ileile. Pesa za ligi humfikia mkimbiaji, ndiyo, lakini kwa kuzunguka, na ukiijua njia hiyo utajua maswali ya kumuuliza kocha. Nivumilie kidogo nikusimulie zilikotoka.

Hadi 1984, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ndicho kilichoamua ni mechi ngapi za futiboli zitaonyeshwa kwenye televisheni na kila chuo kitaonekana mara ngapi. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vilikwenda mahakamani, na Juni mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji 7 dhidi ya 2, kwamba udhibiti huo unavunja sheria za ushindani wa biashara. Tangu hapo haki za matangazo zikawa mali ya vyuo na ligi zao. Chuo kikubwa kikaanza kujiuliza swali ambalo zamani halikuwa na maana: hawa ninaocheza nao wananiongezea bei au wananishusha? Ligi zilizojengwa kwa ujirani zikaanza kupimwa kwa idadi ya nyumba zenye televisheni.

Pac-12 ilikuwa ligi ya ujirani hasa. Ilizaliwa Portland, Desemba 1915, ikiwa na vyuo vinne vya pwani ya magharibi, na Washington State ikajiunga 1917. Mwaka 1959 ilivunjika kwa mara ya kwanza, baada ya kashfa za wachezaji kulipwa kisirisiri. Baadhi ya vyuo viliungana upya papo hapo bila Washington State, ambayo ilikaribishwa tena 1962. Kwa hiyo chuo hiki kimewahi kuachwa nje ya mlango na kikaishi. Baadaye ligi ikawa Pac-8, ikawa Pac-10 mwaka 1978 vilipoingia vyuo viwili vya Arizona, kisha Pac-12 mwaka 2011 na Colorado na Utah. Timu zake zilitwaa zaidi ya mataji 500 ya taifa, mengi katika michezo isiyojaza viwanja: kuogelea, tenisi, voliboli, riadha.

Na sisi wa nyanda za juu za Kenya tuna sehemu yetu humo. Samson Kimobwa alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata Henry Rono wa Nandi, naye wa chuo hichohicho, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mbili za kwanza alizikimbia Berkeley na Seattle, kwenye miji ya vyuo vya ligi hiyo. Baada yao walipita Julius Korir, bingwa wa Olimpiki wa 1984 wa kuruka viunzi na maji, Peter Koech na Bernard Lagat. Nakutajia majina haya ili ujue kwamba Pullman, mji wa chuo hicho, si mahali ambapo Mkenya atakuwa mgeni wa kwanza. Hata mandhari yake, vilima vya ngano hadi upeo wa macho, yatamkumbusha Moiben.

Sasa, ilikufaje? Mwaka 2011 ligi ilisaini mkataba wa matangazo na ESPN na Fox wa miaka 12, wenye thamani ya karibu dola bilioni 3. Wakati huo hapakuwa na ligi ya vyuo yenye mkataba mnono kuliko huo. Mwaka uliofuata ikafungua kituo chake cha televisheni, ikiamua kukimiliki peke yake asilimia mia, wakati Big Ten ilikuwa imeshirikiana na Fox, na SEC, ligi kubwa ya kusini-mashariki, baadaye ikashirikiana na ESPN. Kumiliki vyote kulisikika vizuri, lakini mtu asiye na mshirika mwenye nguvu hana wa kumfungulia milango. Kampuni ya satelaiti ya DirecTV haikukibeba kituo hicho kamwe, na mamilioni ya nyumba hayakukiona. Ongeza ofisi za San Francisco zenye kodi ya pango ya mamilioni ya dola kila mwaka, na mechi za usiku wa magharibi zinazokwisha watu wa mashariki ya nchi wameshalala. Muongo mmoja baadaye, mgawo wa kila chuo ulikuwa umeachwa nyuma sana na ule wa Big Ten na SEC.

Watu wengi humalizia hapo, wakikilaumu kituo cha televisheni. Mimi naona kosa kubwa zaidi lilikuja 2021. Majira ya joto ya mwaka huo Texas na Oklahoma zilitangaza kuhama ligi jirani ya Big 12 kwenda SEC, na kila mtu alijua Big 12 ndiyo inayozikwa. Vyuo vyake vilivyobaki vilikuwa na hofu, tayari kuzungumza. Mwezi Agosti Pac-12 ikatangaza kwamba haitaongeza wanachama. Ilikuwa na nafasi ya kumchukua jirani aliyeyumba, ikamwacha ajipange. Mwaka haukuisha: tarehe 30 Juni 2022 USC na UCLA zilitangaza kwenda Big Ten, na soko la Los Angeles, la pili kwa ukubwa Marekani, likaondoka nazo.

Big 12 iliyodhaniwa maiti ikawahi foleni, ikasaini mkataba wake mpya Oktoba 2022 wa dola bilioni 2.28 kwa miaka sita. Pac-12 ikabaki inajadiliana bila Los Angeles, mwezi baada ya mwezi, huku wanachama wakiambiwa wasubiri. Julai 2023 Colorado ikachoka, ikarudi Big 12. Tarehe 4 Agosti, Ijumaa moja, vyuo vitano viliondoka: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12. Kilichokuwa mezani ni ofa ya Apple, ambayo mapato yake yangetegemea ni watazamaji wangapi watajiandikisha kulipia. Mwezi Septemba Stanford na California, vyuo vinavyotazama bahari ya Pasifiki, vikajiunga na ligi ya pwani ya Atlantiki, ACC, vikikubali asilimia 30 tu ya mgawo kwa miaka saba ya mwanzo.

Washington State na Oregon State hazikuachwa kwa sababu ya kufanya vibaya. Ziliachwa kwa sababu Pullman na Corvallis ni miji midogo. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa kuwa zilikuwa zimetimiza kila ahadi zilizowekeana na majirani wao. Zilikwenda mahakamani, katika kaunti ya Whitman ambamo Pullman imo, na Novemba 2023 jaji akaamua kwamba wanaoondoka hawana haki ya kuendelea kuamua mambo ya ligi wanayoihama. Mahakama ya juu ya jimbo ikakataa kuingilia uamuzi huo. Vyuo viwili vikabaki na jina, bodi na sehemu kubwa ya fedha zilizokuwa bado zinaingia.

NCAA huipa ligi iliyopungua miaka miwili kufikisha tena wanachama wanane. Kwa hiyo kwa misimu ya 2024–25 na 2025–26 timu nyingi za vyuo hivi viwili ziliomba hifadhi katika ligi ya West Coast Conference, huku viongozi wakijenga upya. Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State zilikubali kuja kutoka ligi ya Mountain West, Gonzaga ikakubali bila futiboli kwa kuwa haichezi, na Juni 2025 Texas State ikakamilisha hesabu ya wanane wanaocheza futiboli. Tarehe rasmi ya kuanza ni 1 Julai 2026, na mechi zitaonyeshwa na CBS, The CW na USA Network. Ligi aliyokutajia mjomba haipo tena, lakini jina lake lina ligi nyingine hai, ndogo na yenye kipato cha chini zaidi.

Haya si mageni, hata kwetu Afrika Mashariki tunaofuatilia riadha. Suleiman Nyambui wa Tanzania alitamba akiwa UTEP, chuo cha El Paso, kilichokuwa ligi ya WAC. Ligi hiyo ilivimba ikafika vyuo 16, safari zikawa ndefu na mgawo mdogo, na mwaka 1999 vyuo vinane vikajitenga kuunda Mountain West. UTEP iliachwa. Leo Big Ten ina vyuo 18, kutoka New Jersey hadi Los Angeles, umbali wa karibu kilomita 4,000. Sitabiri lolote, lakini mtu akikwambia ligi kubwa ni salama milele, mwambie akaisome historia ya WAC.

Tuje kwa mwanao. Mchezaji wa futiboli anaihitaji ligi kwa kila kitu: ratiba, televisheni, njia ya kufikia ubingwa. Mkimbiaji anaihitaji kwa siku chache za mwaka, zile za mashindano ya ligi yenyewe. Mbio nyingine hukimbiwa kwenye mialiko ya wazi ambako vyuo vya ligi zote huchanganyika. Njia ya kwenda mashindano ya taifa ya uwanjani hupimwa kwa sehemu kubwa na saa: nusu ya magharibi ya nchi huchukua wakimbiaji 48 bora wa kila mbio, 12 kati yao wakaenda fainali kukutana na 12 wa mashariki. Mbio za nyika hufuata kanda tisa za kijiografia, na timu 31 hufika fainali. Mwanao akikimbia muda mzuri akiwa Pullman, saa haitauliza yuko ligi gani. Tena ninawahurumia zaidi wenzake wa voliboli waliohamia ligi za mbali, wanaovuka nchi nzima katikati ya wiki na vitabu begani.

Lakini nilisema pesa humfikia kwa kuzunguka, na hapa sitakupamba maneno. Futiboli ndiyo inayolipia michezo mingine. Mgawo wa televisheni ukishuka, idara ya michezo hutafuta pa kukata, na riadha ni mojawapo ya mahali pa kwanza wanapotazama. Washington State imeshakata: Juni 2025 ilitangaza kwamba timu yake ya riadha itaegemea masafa marefu, ikaondoa mashindano ya kurusha na kuruka, na ikapunguza nafasi za mbio fupi na viunzi. Mwanao angekuwa mrusha mkuki, ningekwambia usisaini. Kwa mkimbiaji wa mita 5,000 uamuzi huo unamweka upande uliobakizwa. Usiuchukue kama dhamana. Chuo kilichokata mara moja kinaweza kukata tena, ila kwa sasa kimechagua kubaki na mchezo wa mwanao.

Ushauri wa kusubiri Big Ten siupendi, na sababu zangu ni hizi. Juni 2025 mahakama iliidhinisha maridhiano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi karibu dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwa futiboli na mpira wa kikapu, hata kwenye vyuo tajiri. Vyuo vilivyojiunga na mpango huo vimewekewa kikomo cha kikosi, wakimbiaji 17 wa mbio za nyika na wanariadha 45 wa uwanjani. Nafasi zimekuwa finyu, na makocha wa Big Ten wana uwezo wa kuchagua mtu aliyethibitika tayari. Halafu kuna muda. NCAA huhesabu miaka tangu kijana amalize sekondari na akaendelea kushindana, na kanuni hizo hubadilishwa mara kwa mara. Mwaka wa kukaa Iten akikimbia mbio za barabarani zenye zawadi unaweza kumgharimu haki ya kukimbia chuoni. Kama ameshapokea fedha zozote za mbio, mwambie kocha sasa, kwa maandishi, kiasi chochote kile. Kufichwa ndiko huleta msiba.

Njia ya tatu ipo: vyuo vya miaka miwili vinavyopokea Wakenya wengi, kisha kijana akahamia chuo kikubwa. Ni njia halali na imewafaa wengi, hasa mwenye muda mzuri na alama za chini. Kwa mwenye ofa ya chuo kikuu mkononi sioni haja ya kuanzia huko, isipokuwa pengo la fedha likiwashinda.

Na pengo hilo ndilo ningelishughulikia kabla ya ligi. Umesema ufadhili haulipi gharama zote. Mwombe kocha barua rasmi ya makubaliano ya ufadhili, kwa kuwa ile fomu ya kitaifa ya kusaini iliyozoeleka zamani ilifutwa Oktoba 2024 na karatasi ya chuo ndiyo iliyobaki na nguvu. Isomeni wote wawili. Ni ya mwaka mmoja au minne? Mwaka mmoja hutoa mwanya wa kutoendelezwa, ingawa chuo hakiruhusiwi kuupunguza katikati ya kipindi kilichosainiwa kwa sababu ameumia au ameshuka kiwango, na kikiamua kutouendeleza ni lazima kimjulishe kufikia tarehe 1 Julai na kimpe nafasi ya kukata rufaa. Inalipa nini hasa: karo, chumba, chakula, bima, tiketi? Kiasi kinachobaki ni dola ngapi kwa mwaka, na nani atakilipa mwaka wa tatu? Muulize pia, bila haya, kitatokea nini kwa fedha hizo timu ikifungwa. Kocha mwema hatakasirika. Ujue vilevile kwamba sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula hutozwa kodi ya Marekani, kwa kawaida asilimia 14 kwa mwenye viza ya mwanafunzi, yaani F-1, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumwondolea. Familia nyingi hugundua hilo mwezi wa tatu, pesa zikiwa zimeshaisha.

Ikiwa karatasi ni ya miaka minne, au ya mwaka mmoja lakini pengo mnalimudu bila kuuza shamba, mimi ningemwacha aende. Ikiwa pengo linahitaji mkopo wa riba, ningemrudia kocha kuomba zaidi, na nikikataliwa ningetazama vyuo vingine kabla ya kusema ndiyo. Akienda na mambo yakaharibika, wanafunzi sasa wanaweza kuhama chuo kwa vipindi maalumu bila kukaa nje msimu mzima, mradi alama zao ziwe nzuri. Kwa hiyo mwambie darasa ndilo mlango wake wa dharura.

Kuna mambo ambayo mimi kwa barua siwezi kuyatatua. Kabla ya kusaini, nendeni EducationUSA, kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi. Ushauri wao ni wa bure. Bebeni barua ya ofa, matokeo ya KCSE na pasipoti. Mtu yeyote anayewadai ada ili "aharakishe" ofa au viza, mkimbieni. Wazazi wa Uasin Gishu waliolipia mpango wa masomo wa Finland na Kanada wanajua uchungu huo bila kuelezwa. Akishafika Pullman, mtu wa kwanza wa kumwona ni mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni, na amwone tena kabla ya kupokea fedha zozote za matangazo, zawadi au mgawo wa timu, kwa maana viza ya F-1 ina mipaka mikali ya kazi na kosa dogo hapo linaweza kumrudisha nyumbani. Ikiwa kuna fedha za mbio alizokwisha kupokea hapa Kenya, msikisie. Iandikieni ofisi ya kanuni za NCAA ya chuo hicho, pamoja na tarehe na kiasi, na msinunue tiketi mpaka jibu lao la maandishi lifike.